Maswali ya wasomaji: Wa kale walikula nini, na tunajuaje?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu mashamba ya kale ya Engaruka imeleta barua nyingi kutoka Arusha, Moshi na vijiji vya jirani. Tumezijibu zile zinazogusa jambo ambalo wengi wameliuliza: chakula huliwa kikaisha, sasa ushahidi wake unatoka wapi?

JIWE LA KUSAGIA KWENYE SHIMO LA CHOO

Wahariri, salaam. Tulikuwa tunachimba shimo la choo tukakutana na jiwe pana lenye bonde katikati, na jingine dogo la kushika mkononi. Kando yake kuna vigae vya chungu. Mama anasema tulisugue tulitumie kusagia karanga. Je, inawezekana kujua lilikuwa linasaga nini, na lina miaka mingapi?
Msomaji, Ngaramtoni

Mwombe mama awe na subira, na umwombe leo, kabla jiwe halijaguswa na brashi wala maji. Kinachotafutwa kimejificha kwenye vitundu vya jiwe: chembe za wanga, nyingi zikiwa na upana usiozidi maikromita 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita moja. Mimea hutofautiana kwa umbo la chembe zake. Za magimbi ni ndogo mno, nyingi hazifiki maikromita 5. Za mtama zina pembepembe kwa sababu hukua zikibanana ndani ya punje. Kwa bahati mbaya za mahindi nazo zina pembepembe na ukubwa wake unakaribiana na wa mtama, kwa hiyo mtaalamu mwaminifu akiona chembe chache za aina hiyo atakuambia "nafaka" na kuishia hapo.

Wanga ukichemshwa kwenye maji yanayozidi nyuzi 60 hivi huvimba na kupoteza umbo. Ndiyo maana jiwe la kusagia, lililogusa nafaka mbichi, mara nyingi hutunza chembe hizo vizuri kuliko chungu cha kupikia.

Sasa fanyeni hivi. Kama jiwe bado liko ardhini, liacheni hapohapo mpaka mpige picha, mkiweka rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Pimeni kina kutoka juu ya ardhi hadi lilipolala, na andikeni lilikuwa limelala kifudifudi au uso juu. Mkilitoa, lifungeni kwenye karatasi safi, kisha mfuko mpya. Chukueni na udongo wa pembeni yake, kiasi cha vikombe viwili, kwenye mfuko tofauti. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuliweka jiwe kwenye kiroba kilichokuwa na sembe: kwa tendo hilo moja jiwe limepakwa wanga wa leo, na hakuna maabara itakayoutenganisha kwa uhakika. Glovu za hospitali zenye unga ndani ni hatari vilevile, kwa sababu unga ule aghalabu ni wanga wa mahindi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wanga wa kisasa ndani ya maabara zenyewe za utafiti huu, zikiwemo glovu. Mikono iliyooshwa na kukaushwa ni afadhali kuliko glovu ya namna hiyo.

Ule udongo wa pembeni una kazi yake. Maabara italinganisha wanga wa kwenye bonde la jiwe, wa chini ya jiwe, na wa kwenye udongo. Bonde likiwa na wingi sawa na udongo, basi wanga umetoka ardhini na jiwe halijathibitisha lolote. Tena si kila jiwe la kusagia lilisaga chakula. Mengine yalisaga ugoro, magadi, dawa au udongo mwekundu wa kujipaka.

Kuhusu umri, jiwe lenyewe halitasema. La miaka 2,000 na la bibi wa juzi yanaweza kufanana kila kitu. Umri unapatikana kwenye mkaa, mfupa au vigae vilivyolala nalo tabaka moja, na ndiyo sababu tumesisitiza picha na vipimo. Kama inawezekana, sogezeni choo mita chache.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kufukua kwa makusudi bila leseni ni kosa. Ukikutana na kitu kwa bahati, toa taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, au nenda Makumbusho ya Elimu Viumbe pale kwenye Boma la Mjerumani, mjini Arusha, wakuelekeze.

MIFUPA YA OLDUPAI: MTU AU FISI?

Ninafundisha historia kidato cha kwanza. Kila tukifika Oldupai wanafunzi wananiuliza: ile mifupa ya swala, mtajuaje iliachwa na mtu na si simba au fisi? Naomba jibu ninaloweza kuwaonyesha darasani.
Mwalimu, Karatu

Mwalimu, swali la wanafunzi wako ndilo wataalamu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 40, na limetoka kwenye eneo lilelile mnalolitembelea. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu la zamadamu lililopewa jina la Zinjanthropus, kwa kifupi Zinj. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba tabaka hilo, lenye umri wa miaka milioni 1.84 hivi, lina maelfu ya vipande vya mifupa na zana za mawe pamoja. Kulala pamoja peke yake hakuthibitishi kitu. Mto huweza kuvikusanya, na simba huweza kula chini ya mti uleule ambao zamadamu alikalia juzi yake. Uthibitisho ulikuja mwaka 1981, Henry Bunn kwa upande mmoja, na Richard Potts na Pat Shipman kwa upande mwingine, walipoonyesha alama za kukatwa kwenye mifupa yenyewe.

Kwa darasa, nenda buchani uagize miundi minne ya mbuzi ambayo haijapigwa shoka wala msumeno, na yenye nyama kidogo juu. Wa kwanza ukatwe nyama kwa kisu. Wa pili ukatwe kwa kipande chenye makali kilichobanduliwa kwenye jiwe jeupe gumu lile linalometameta, na anayebandua avae miwani, maana vipande huruka. Wa tatu mpe mbwa saa nzima. Wa nne uondoe nyama, uutupe kwenye kokoto za zizi la mbuzi wiki moja ukanyagwe. Kisha chemsha yote kwa moto mdogo saa 2 au 3, kila mmoja na sufuria yake, ukitia kijiko cha sabuni ya unga, na uanike kivulini. Ukichemsha kwa moto mkali, uso wa mfupa hupasuka nyufa ambazo wanafunzi watazidhania kuwa mikato.

Angalieni kwa lenzi ya kukuza mara 10, tochi ikiwa imelazwa pembeni ili mwanga upite sambamba na mfupa. Mwanga wa kutoka juu hufuta vivuli, na bila kivuli alama haionekani. Mkato wa kisu ni mfereji mwembamba wenye umbo la V. Mkato wa jiwe nao ni V, ila ndani yake una mistari myembamba inayokwenda sambamba na mkato, kwa sababu makali ya jiwe hayako laini. Jino la mbwa huacha shimo, au mfereji mpana wenye sakafu ya mviringo. Mikwaruzo ya kokoto ni ya juujuu, inaelekea kila upande, na haijali iko sehemu gani ya mfupa.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Mtu anayekata ana sababu: hukata penye kano ili kuachanisha kiungo, au katikati ya mfupa ili kubandua mnofu. Mikwaruzo haina sababu. Anayetazama alama moja bila kutazama imekaa wapi atakosea.

Halafu kuna uboho. Fisi hutafuna ncha za mfupa, maana ni laini na zina mafuta, akabakiza bomba la katikati. Mwenye jiwe hulaza mfupa juu ya jiwe jingine na kugonga katikati mpaka upasuke, na hapo pigo huacha kidimbwi chenye mikwaruzo midogo pembeni. Kwa hiyo watafiti huhesabu ncha ngapi zimebaki ukilinganisha na vipande vya katikati. Ncha zikikosekana, fisi alipita hapo, awe wa kwanza au wa mwisho.

Ubishi wa leo ni kuhusu foleni: nani aliufikia mzoga kwanza? Robert Blumenschine, kwa kuangalia meno ya wanyama na mapigo ya mawe, alisema wanyama wala nyama walitangulia na zamadamu akaja kuvunja uboho. Bunn na Manuel Domínguez-Rodrigo wanajibu kwamba mikato ni mingi katikati ya mifupa ya mapaja na mikono, mahali ambapo simba hubandua nyama mapema. Aliyekata pale alikuta bado kuna mnofu. Kwetu sisi hoja hii ya pili ina nguvu, maana haina faida kukata mahali palipokwisha kulambwa.

Na msimchanganye Zinj mwenyewe na wakata nyama. Magego yake makubwa yalifanya aitwe mvunja njugu. Lakini uso wa meno ya jamii yake, ulipotazamwa kwa hadubini na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, haukuwa na mashimo yanayoachwa na vyakula vigumu. Kaboni iliyo kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la meno, ya ndugu zake waliokutwa Kenya, matokeo ya mwaka 2011, ilionyesha wastani wa 77% ya chakula ulitoka kwenye nyasi au mimea ya jamii ya ndago na mafunjo. Alitafuna sana vitu vya kawaida, saa nyingi, badala ya kuvunja vitu vigumu.

NDIZI ZA KILIMANJARO NA MBEGE

Huku kwetu ndizi ndiyo chakula, na mbege ndicho kinywaji. Lakini ndizi haina mbegu wala mfupa. Je, mtu wa miaka 500 ijayo, au aliyechimba leo, anaweza kuona kwamba tulikula mchare?
Msomaji, Marangu

Anaweza kuona kwamba mlilima mgomba. Kwamba mlikula ni jambo jingine, na tofauti hiyo inafaa kushikwa.

Mgomba hunyonya silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, kutoka ardhini na kuijaza kwenye majani. Jani likioza, vipande hivyo vya silika, vinavyoitwa fitolithi, hubaki kwenye udongo maelfu ya miaka. Za mgomba zina umbo linalotambulika haraka: kitako cha mstatili na juu yake kilima chenye shimo kama kilele cha Kibo. Ugumu wa Kilimanjaro ni kwamba mgomba-mwitu, wa jamii ya ensete, huota wenyewe kwenye misitu yenu na una fitolithi zinazofanana na hizo. Kutofautisha kunahitaji kupima nyingi, kuangalia ukingo wa shimo na umbo la kitako, na kulinganisha na majani ya migomba yote miwili kutoka eneo hilohilo. Sampuli isiyo na ulinganisho huo msiiamini.

Ugumu wa pili uko kihambani. Mahali palipolimwa ndizi kwa karne nyingi, palipowekwa majani ya kufunika udongo, palipopitiwa na mafuko, minyoo na mifongo ya maji, fitolithi za jana na za karne ya 17 zinaweza kulala pamoja. Usichimbe katikati ya kihamba. Tafuta tabaka lililofungwa: sakafu ya nyumba iliyoungua, shimo la taka lililofunikwa, au udongo ulio chini ya ukuta wa mawe. Katika Afrika, fitolithi za Nkang huko Kameruni, za miaka 2,500 hivi iliyopita, zilitoka kwenye mashimo ya taka ya namna hiyo. Za Munsa, Uganda, zilizodaiwa kuwa za zamani zaidi kwa maelfu ya miaka, bado zinabishaniwa, na moja ya sababu ni hayo ya tabaka na ensete.

Ushahidi mwingine mnao hai. Mgomba ulianza kulimwa kusini mashariki mwa Asia na New Guinea, na kwenye bonde la Kuk, New Guinea, ushahidi wa kuulima una umri wa karibu miaka 7,000. Vinasaba vinaonyesha mchare wenu ni ndugu wa karibu wa aina ya ndizi iitwayo mlali, ya visiwa vya Bahari ya Hindi, na kundi hilo ni miongoni mwa wazazi wa Cavendish, ndizi inayouzwa dunia nzima. Undugu huo unaelekeza macho kwenye njia ya baharini.

Mbege ina nafasi nzuri zaidi kwa sababu ya ulezi unaotiwa ndani yake na kwa sababu ya chungu. Ulezi ukilowekwa na kuota ili upate kimea, vimeng'enya huanza kula chembe za wanga, zikabaki na vitobo na mifereji ambayo huonekana kwenye hadubini. Na pombe ikichachuka, asidi yake hula uso wa ndani wa chungu. John Arthur, aliyechunguza vyungu vya Wagamo wa Ethiopia na kuchapisha matokeo mwaka 2002, alionyesha jinsi vyungu vya pombe vinavyolika ndani. Chungu cha maji hakiliki hivyo. Kwa hiyo mkikuta kigae cha mtungi mkubwa chenye uso wa ndani uliochubuka, ilhali uso wa nje ni mzima na hauna masizi, kitengeni.

TUMEELESHA NDOO NYINGI, TUMEPATA MIZIZI

Ninajitolea kwenye uchimbaji wa chuo. Kazi yangu ni kuelesha udongo, yaani kuumwaga kwenye maji ili mbegu za kale zielee juu. Ndoo baada ya ndoo tunapata mizizi na vijiwe vyepesi tu. Tatizo ni eneo au ni sisi?
Mwanafunzi, Mto wa Mbu

Huenda ni ninyi, na hilo ni jambo la kushukuru kwa sababu linarekebishika. Tuanze na kile kinachotafutwa. Mbegu ya kale isiyoungua huoza. Iliyoungua kwa moto mkali wenye hewa ya kutosha huwa majivu. Inayodumu ni ile iliyodondoka pembeni ya jiko, ikafunikwa na majivu, ikageuka mkaa polepole. Ni bahati mbaya ya mpishi wa siku ile. Kwa hiyo udongo wa kuchukua ni wa mafigani, wa mashimo ya taka na wa sakafu iliyoungua. Ukichukua udongo wa baina ya nyumba moja na nyingine utapata mizizi kweli.

Chukueni lita 20 kwa kila sampuli, mpime kwa ndoo yenye alama, maana bila ujazo hamtaweza kusema mbegu ngapi kwa lita. Udongo ukauke kivulini kwanza, kwa sababu mkaa mkavu una hewa ndani na hiyo hewa ndiyo huuinua. Mkiumwaga udongo mbichi, mkaa uliolowa unazama na kubaki chini na mchanga. Huenda hapo ndipo mnapopoteza.

Jazeni ndoo maji hadi theluthi mbili, mimineni udongo lita 2 au 3 tu kwa wakati, koroga kwa mkono taratibu, subirini sekunde chache mchanga utulie, kisha miminieni maji ya juu kwenye kitambaa. Rudieni mpaka hakuna kinachoelea. Udongo mweusi wa mfinyanzi hauachii mkaa kirahisi. Uloweke dakika 20 hadi 30 kwenye maji yenye vijiko viwili vya baking soda, lakini msiulaze usiku kucha, mbegu zilizoungua zitapasuka.

Kitambaa! Wengi hutumia chandarua. Matundu ya chandarua yanazidi milimita 1, na punje ya ulezi iliyoungua ina ukubwa wa karibu milimita 1, nayo inapenya ikaenda na maji. Tumieni kitambaa chepesi cha pazia la ndani chenye matundu ya milimita 0.25 hadi 0.3. Kilichobaki chini ya ndoo kichekecheni kwa wavu wa milimita 1, hapo ndipo mtakuta miiba ya samaki na vipande vya maganda ya mayai. Wavu wa milimita 5 unaotumika shimoni huacha miiba ya samaki wadogo ipite yote, halafu ripoti inasema watu hawakula samaki.

Vile vijiwe vyepesi ni vya volkeno. Kwenye udongo wenu vitaelea daima pamoja na mkaa, msihangaike navyo. Vitengeni kwa mkono kitambaa kikishakauka, kikiwa kimefungwa na kutundikwa kivulini. Jua la mchana hupasua mbegu.

Ili kujua kama mtambo wenu unafanya kazi, tieni mbegu 100 za haradali mlizozichoma wenyewe zikawa mkaa, na ambazo hamtarajii kuzikuta kwenye eneo hilo, ndani ya ndoo moja. Mkizipata 85, endeleeni. Mkizipata 30, simamisheni kazi mtafute zinapovujia. Osheni ndoo na kitambaa kati ya sampuli na sampuli, na lebo iandikwe kwa penseli. Wino hutoka.

Mkipata mbegu, msifurahie umri wa tabaka peke yake, maana sisimizi na mchwa hushusha punje ndogo chini zaidi. Pimeni punje yenyewe. Kwenye pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde ilipimwa umri yenyewe na kuonekana ya miaka 2,300 hivi. Matokeo hayo ya mwaka 2024 yanaaminika kwa sababu hiyo.

MAZIWA TANGU LINI?

Shikamooni. Sisi ni wafugaji. Nimesikia kwamba sayansi imepata maziwa ndani ya vyungu vya zamani sana. Maziwa yanakaaje miaka yote hiyo?
Msomaji, Monduli

Marahaba. Maziwa hayakai, mafuta yake ndiyo hukaa. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'arisha hunywa mafuta ya kinachopikwa, na mafuta hayo hufungiwa kwenye vitundu vya udongo ulioungua. Maabara hukwangua uso wa kigae uliogusa mikono, husaga gramu 2 hivi za kilichobaki, na kuyatoa mafuta kwa viyeyusho. Halafu hupima kaboni ya asidi mbili za mafuta, palmitiki na steariki. Ng'ombe hutengeneza steariki ya mafuta ya mwilini, ila kiwele chake hakiwezi kuitengeneza. Steariki ya maziwa hutoka kwenye mafuta ya majani aliyokula, yenye kaboni nyepesi zaidi. Tofauti hiyo haifutiki kwa kuchemsha.

Vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania vilichunguzwa hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Miongoni mwa maeneo yaliyohusika ni Luxmanda, mkoani Manyara, kijiji cha wafugaji cha miaka 3,000 hivi iliyopita. Maziwa yamo, mimea imo, na mafuta ya nyama yamo kwenye vigae vingi zaidi kuliko maziwa. Msikimbilie kusema walikunywa maziwa kidogo. Mnajua wenyewe maziwa yanakaa wapi: kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mzeituni-mwitu. Kibuyu huoza. Chungu kilichobaki ndicho kilichopikia nyama na kuchemshia mifupa.

Damu zenu nazo ni ushahidi. Watu wazima wengi duniani hawamudu sukari ya maziwa mabichi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wengi wa Tanzania na Kenya wanaoimudu wana badiliko la kijenetiki lililo tofauti na la Ulaya, lililoenea katika kipindi cha miaka 2,700 hadi 6,800 iliyopita. Umri huo unakubaliana na vigae.

Mkikuta kigae, msikioshe, msikishike kwa mikono iliyopakwa mafuta au losheni, na kifungeni kwenye karatasi ya aluminiamu. Plastiki hutoa kemikali zake zikaingia kwenye kipimo.

MAKANDE YA ENGARUKA

Wale watu wa Engaruka walikula ugali wa mahindi? Na makande je?
Mama lishe, Soko la Kilombero, Arusha

Hapana kwa enzi zao nyingi, mama. Mahindi na maharage yalitoka Amerika, na hayakuvuka bahari kabla ya safari za mwaka 1492. Mashamba ya Engaruka, karibu hekta 2,000 zilizomwagiliwa kwa mifereji ya mawe, yalistawi kati ya karne ya 15 na ya 18, na nafaka iliyokutwa imeungua humo ni mtama. Kama walisonga ugali, ulikuwa wa mtama. Kunde ndizo za Afrika, kwa hiyo mchanganyiko wa mtama na kunde unawezekana kabisa. Kaboni ya mifupa haisaidii hapa, kwa kuwa mahindi na mtama huacha alama ileile mwilini. Gunzi moja lililoungua lingetosha, mradi lipimwe umri lenyewe.

MBOGA ZA MAJANI

Kwa nini vitabu vinataja nyama na nafaka tu? Bibi zetu hawakula mnafu?
Msomaji, Mbuyuni, Moshi

Walikula, tena huenda kila siku. Lakini mnafu na mchicha huchumwa kabla ya kutoa mbegu, huchemshwa, huliwa wote. Hakuna mfupa wala ganda, na jani halina wanga wa kutosha. Mbegu chache za mnafu zikikutwa figani zinaweza kuwa za magugu yaliyotumika kuwashia moto. Ziwe nyingi, na ziwe shimo moja na mabaki mengine ya chakula, ndipo mtu aanze kusema kitu.

Njia nzuri zaidi ni nta. Jani lina nta juu yake, na nta hiyo huingia kwenye chungu pamoja na mafuta mengine. Mwaka 1991 Richard Evershed na wenzake walitambua nta ya mboga za jamii ya kabichi ndani ya vigae vya Uingereza. Kwa mboga zetu kazi ya kwanza ni kupika mnafu, mchicha, mgagani na majani ya kunde, kila moja kwenye chungu kipya cha udongo, mara nyingi, na kupima nta ya kila kimoja ili kuwe na cha kulinganishia. Vyungu vya wafinyanzi wa Upareni vinafaa. Na kwenye kigae cha kale, kipande cha kupeleka maabara ni cha karibu na mdomo wa chungu, kwa kuwa mafuta na nta huelea juu wakati wa kuchemka na kuingia ukutani hapo, huku kitako kikibaki na kidogo sana.